Kaunta-tena: sauti ya juu katika koo la mwanamume wa kawaida

Dhana: Kaunta-tena, mwanamume anayeimba kwa sauti ya juu kama ya mwanamke, lazima alihasiwa.

Kati ya dhana potofu kuhusu waimbaji hawa, hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana inachanganya ufundi na ukatili. Kweli, Italia ilikuwa na makastrato, wavulana waliohasiwa kabla ya kubalehe ili sauti zao zisije zikawa nzito. Mmoja wa mwisho, Alessandro Moreschi wa kwaya ya Sistine, kwaya ya Papa, alirekodiwa Vatikani mwaka 1902 na 1904, akafariki 1922. Kaunta-tena si kastrato. Amebalehe kama wenzake, na wengi wao wakizungumza utadhani wanaimba besi. Anachotumia ni falseto: nyuzi za sauti huvutwa zikawa nyembamba, na kinachotetema zaidi ni kingo zake.

Dhana: Falseto ni sauti ya kuigiza, haina nguvu.

Kwa asiyefunzwa, ndiyo, hutoka pumzi nyingi kuliko sauti. Aliyefunzwa ni habari nyingine, na hapo inafaa umsikie ukumbini. Fidla za muziki wa Baroko, yaani muziki wa Ulaya wa miaka ya 1600 hadi 1750 hivi, zilifungwa nyuzi za utumbo wa kondoo, nazo hulia kwa upole, kwa hiyo mwimbaji halazimiki kushindana nazo. Anaweza kuanza noti moja ikiwa nyembamba kama uzi, akaikuza taratibu mpaka ijae kanisa zima, kisha akairudisha ilikotoka, kwa pumzi ileile moja. Halafu sehemu ya kwanza ya wimbo inaporudiwa, desturi inamruhusu kuipamba apendavyo, hivyo unachokisikia leo huenda kesho kisiwepo. Rekodi hukupa usiku mmoja tu.

Alfred Deller, kaunta-tena wa Kanisa Kuu la Canterbury, Uingereza, aliimba kazi ya Purcell, mtunzi Mwingereza wa Baroko, mwaka 1946, BBC ilipozindua idhaa yake ya tatu. Alto za kiume, yaani wanaume wanaoimba sauti ya alto, zilikuwa zimedumu kwenye kwaya za makanisa makuu ya Uingereza. Yeye aliitoa sauti hiyo ikasikika mbali zaidi ya hapo.

Dhana: Handel, mtunzi mashuhuri wa Baroko, aliwaandikia kaunta-tena majukumu yake makuu ya opera.

Hapana. Katika opera yake Giulio Cesare ya mwaka 1724, jukumu la Kaisari liliimbwa London na Senesino, kastrato. Sesto, kijana katika opera hiyohiyo, aliimbwa na mwanamke, Margherita Durastanti. Hata Masihi, ambayo wanakwaya wengi wa kwetu wanaijua kwa ile Haleluya, ilipoimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, mwimbaji wake mashuhuri wa alto alikuwa mwanamke, Susannah Cibber.

Kuwapa kaunta-tena majukumu hayo ni uamuzi wa zama zetu, nami naupenda. Artaserse, opera ya mtunzi Leonardo Vinci (si yule mchoraji Leonardo da Vinci), ilianzia Roma mwaka 1730, ambako wanawake walikatazwa jukwaani, hivyo hata wahusika wa kike waliimbwa na makastrato. Mwaka 2012, mjini Nancy, Ufaransa, kaunta-tena watano waliziimba noti hizohizo, na hakuna mtoto aliyekatwa.