Ukuta wa Höss, ugomvi wa Triet: filamu mbili za kusikilizwa

Kazi yangu ni kuhariri sauti za filamu, kwa hiyo nikikaa sinemani masikio hutangulia macho. Labda ndiyo maana filamu mbili zilizotamba kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2023 hazijanitoka kichwani. Zote anaigiza Mjerumani Sandra Hüller, na zote zinakunyima tukio lenyewe machoni, zikuachie ulisikie.

The Zone of Interest ya Jonathan Glazer inamhusu Rudolf Höss, kamanda wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, na mkewe Hedwig, wanaoishi kwenye nyumba iliyopakana na ukuta wa kambi. Mauaji hatuoneshwi. Watoto wanaogelea, mama anatunza maua yake. Ng'ambo ya ukuta tanuri zinavuma, risasi zinalia, mtu anapiga yowe, kimya. Johnnie Burn, aliyebuni sauti hizo, hakuzipandisha ili tushtuke. Amezishusha mpaka pale wenye nyumba walipozizoea, na baada ya muda unagundua kuwa hata wewe umeanza kuzizoea. Hilo ndilo linalotisha. Glazer naye alizitega kamera vyumbani, mafundi wakakaa mbali, ndiyo maana waigizaji wanatembea mle ndani kama watu waliopo kwao. Oscar ya sauti waliyopewa Burn na mwenzake Tarn Willers ilikuwa haki yao kabisa. Ningepunguza tu vile vipande vya usiku vilivyopigwa kwa kamera inayonasa joto badala ya mwanga: vizuri, lakini vinanipa pumzi wakati sikustahili kupumua.

Anatomy of a Fall ya Justine Triet, iliyoondoka na Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, ni kesi. Mume kafa kwa kuanguka nyumbani kwao milimani Ufaransa, mke anashtakiwa, na shahidi mzito ni mtoto wao asiyeona vizuri. Mahakama inachezeshewa rekodi ya ugomvi wao wa siku moja kabla ya kifo. Triet anatuonesha ugomvi huo, lakini vurugu zinapoanza anakata picha na kuturudisha mahakamani. Tunabaki na vishindo tu. Nani kampiga nani? Kila mtu ukumbini anajichorea picha yake. Mwendesha mashtaka ndiye anayeniudhi: anasema mno, anatutafunia hadi yale tuliyotaka kutafuna wenyewe.

Ya Triet unaweza kuitazama kwenye simu, mazungumzo yataibeba. Ya Glazer, kwa spika ya simu, itabaki filamu ya familia yenye bustani nzuri. Vaa hedifoni.