Je, wajua kwa nini uwanja mpya wa michezo hauutajirishi mji?

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 26 Machi 2000, watu wa Seattle, mji ulio kaskazini-magharibi mwa Marekani, walipanda vilimani na juu ya mapaa kuangalia uwanja wao ukivunjwa. Baruti zikalipuka, na kabla sekunde 17 hazijatimia, Kingdome na paa lake zito la zege likawa lundo la kifusi. Vumbi likatanda katikati ya mji.

Uwanja huo ulikuwa na umri wa miaka 24 tu. Ulijengwa kwa fedha za umma, ukafunguliwa 1976, na siku unavunjwa deni lake lilikuwa halijaisha. Mwaka 1994 vigae vya dari vilikuwa vimeanguka kwenye viti saa chache kabla ya mechi, na matengenezo yaliyofuata yakala dola milioni 51 nyingine. Kaunti ya King, ambamo Seattle imo, iliendelea kulipa deni hilo kwa kodi ya vyumba vya hoteli mpaka 2015. Miaka 15 walilipia uwanja ambao haukuwepo tena.

Kila panapotangazwa uwanja mpya, ahadi huwa zilezile: ajira kwa vijana, hoteli kujaa, biashara kuchangamka, mji kujulikana. Mimi ni mpenzi wa mpira tangu utotoni na ahadi hizo nilizimeza kwa miaka mingi. Lakini hapa kuna jambo la ajabu. Wanauchumi, watu ambao hukubaliana kwa nadra sana, katika hili wanakaribia kusema kwa sauti moja. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Chicago kiliwauliza wanauchumi wakubwa wa Marekani kama ruzuku za serikali kwa viwanja vya timu za kulipwa huenda zikawagharimu walipakodi zaidi ya faida inayopatikana mjini. Zaidi ya asilimia 80 walikubali. Watafiti kama Robert Baade, Roger Noll, Andrew Zimbalist, Dennis Coates na Brad Humphreys wamelichimba suala hili tangu miaka ya 1990, wakilinganisha kipato na ajira za miji kabla na baada ya viwanja kujengwa. Ule utajiri ulioahidiwa hawauoni.

Inakuwaje? Mbona macho yetu yanaona biashara?

Twende Temeke, Dar es Salaam, siku Simba na Yanga wanapocheza. Saa nne asubuhi barabara ya kwenda kwa Mkapa imeshabadilika rangi, huku nyekundu, kule kijani na njano. Vijana wamening'iniza jezi mikononi kama kamba ya nguo. Mama lishe amefunua sufuria la pilau na mvuke unamfunika uso. Bodaboda wamepandisha nauli na hakuna anayelalamika sana. Ukisimama pale getini utaapa kwamba uwanja huu unazaa fedha.

Sasa mfuate shabiki mmoja tu, tuseme katoka Mbagala. Kanunua tiketi ya mzunguko, kalipa nauli kwenda na kurudi, kala sahani ya pilau, kanywa soda mbili, kisha jezi ikamshinda nguvu, akainunua. Shilingi elfu thelathini zimekwenda. Jiulize: asingekuja uwanjani, fedha hiyo ingekwenda wapi? Angekaa Mbagala kwenye kibanda umiza, akaangalia mechi na wenzake, akaagiza nyama choma na ndizi, kesho yake akanyoa nywele na kumnunulia mtoto viatu. Yaani elfu thelathini ile ingetumika tu, ndani ya mji uleule. Mama lishe wa getini amefurahi, ni kweli, lakini muuza nyama choma wa Mbagala leo anafukuza nzi. Fedha haikuzaliwa, imehama mtaa.

Hiyo ndiyo siri yenyewe, na mengine yote ni nyongeza. Familia ina kiasi chake cha kutumia kwa starehe kwa mwezi. Ukiijengea uwanja, kipato chake hakiongezeki, inapanga tu upya pa kukitumia. Fedha mpya kweli ni ya mgeni aliyesafiri kutoka nje na asingekuja bila ile mechi. Wa namna hiyo wapo, ila kwenye ligi ya kawaida wengi wanaojaza viti ni watu wa hapohapo na vitongoji vyake.

Tena fedha iliyohamia uwanjani huwa haikai. Mama lishe akipata faida ataipeleka kwa muuza mchele, ada ya shule, fundi wa bati, na itazunguka mtaani mara kadhaa. Kwenye ligi kubwa za Marekani mambo ni tofauti. Katika NBA, ligi ya mpira wa kikapu, karibu nusu ya mapato huenda kwa wachezaji, na wengi wao msimu ukiisha hurudi makwao, majimbo mengine kabisa. Inayobaki ni ya mmiliki, ambaye naye si lazima awe mkazi wa mji huo. Halafu hesabu siku. Timu ya NBA hucheza nyumbani mechi 41 kwa msimu kabla ya hatua ya mtoano, na ya futiboli ya Kimarekani mechi 8 au 9. Jengo la mabilioni, lenye eneo la maegesho lisilo na mwisho, linafunguliwa kwa mechi siku 9 kwa mwaka. Soko la Kariakoo likifunguliwa siku 9 kwa mwaka, nani angeliita mradi wa maendeleo?

Ushahidi ulionigusa kuliko wote haukutoka kwa wanauchumi. Ulitoka kwa wamiliki wa timu wenyewe, na ni Seattle ileile.

Seattle ilikuwa na timu ya NBA iitwayo SuperSonics tangu 1967. Jiji liliukarabati ukumbi wao, KeyArena, mwaka 1995. Miaka 11 baadaye wamiliki wakasema hautoshi, wakaomba fedha za umma tena. Bunge la jimbo likakataa. Julai 2006 timu ikauzwa kwa wafanyabiashara wa Oklahoma City wakiongozwa na Clay Bennett. Nao wakataka ukumbi mpya wa dola milioni 500 katika kitongoji cha Renton, fedha nyingi zikitoka kwa umma. Bunge likakataa tena. Bennett akataka kuihamisha timu, na jiji likaenda mahakamani ili timu ilazimishwe kumaliza mkataba wake wa pango mpaka 2010.

Sikiliza sasa hoja ya timu mahakamani. Mawakili wake waliandika kwamba SuperSonics ikiondoka, Seattle haitapata hasara ya kiuchumi, kwa sababu fedha ambayo watu hawatatumia kwenye kikapu wataitumia kwenye burudani nyingine za mjini humo. Hoja ya muuza nyama choma wa Mbagala, neno kwa neno! Siku za kuomba jengo, timu ilikuwa chemchemi ya uchumi. Siku za kuondoka, ikawa haina uzito wowote. Na jiji, kwa upande wake, lilimleta Zimbalist, yuleyule anayepinga ruzuku za viwanja, aeleze kwamba timu ina thamani isiyohesabika kwa fedha: mapenzi ya watu, kumbukumbu, fahari ya mji. Nadhani siku zile mahakamani pande zote mbili zilisema kweli.

Hukumu haikusomwa. Tarehe 2 Julai 2008, saa chache kabla ya jaji kutoa uamuzi, pande hizo zilipatana. Jiji likalipwa dola milioni 45, timu ikaenda Oklahoma City na kuitwa Thunder.

Kama uchumi wake ni huu, kwa nini miji inaendelea kulipa? Kwa sisi tuliokua na Yanga na Simba jibu linahitaji kufikiriwa kidogo. Hakuna mtu anayeweza kusema Yanga wanahamia Mwanza wasipojengewa uwanja. Yanga ni ya Jangwani na Simba ni ya Msimbazi tangu miaka ya 1930, na wanachama wangeandamana usiku huohuo. Marekani timu ni mali ya mtu, na ligi ndiyo inayoamua timu ziwe ngapi. NBA ina timu 30, na NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ina 32. Hakuna kupanda wala kushuka daraja, kwa hiyo mji hauwezi kuanzisha klabu yake na kupigana kutoka chini mpaka juu. Miji yenye njaa ya timu ni mingi kuliko timu zenyewe. Mmiliki anahitaji kutaja jina la mji mwingine tu, na meya huanza kutafuta fedha, maana hakuna meya anayetaka kukumbukwa kama yule aliyeipoteza timu.

Wananchi wakiulizwa, mara nyingi hugawanyika katikati. Mwaka 1995 wapiga kura wa Kaunti ya King walikataa, kwa kura chache mno, kuongeza kodi ya mauzo ili wajengewe uwanja wa besiboli. Mwezi uliofuata bunge la jimbo likapitisha mpango mwingine uliobeba kodi ya nusu asilimia kwenye migahawa na baa za kaunti hiyo. Uwanja ukafunguliwa 1999, na kodi ile ikadumu mpaka 2011. Mhudumu wa ofisi aliyekula sambusa zake mchana, hajui hata besiboli inachezwaje, aliuchangia. Ndipo unapoelewa kwa nini Novemba 2006 asilimia 74 ya wapiga kura wa Seattle walipitisha sheria kwamba jiji likitoa fedha kwa uwanja wa timu ya kulipwa, sharti lipate faida isiyopungua ile wanayopata watu wanaoikopesha serikali ya Marekani kwa hati fungani za miaka 30. Watu hawakupiga marufuku viwanja. Walisema tu: kama ni uwekezaji, basi ulipe kama uwekezaji.

Ipo namna ya ukumbi kufanya vizuri zaidi, na mfano wa karibu ni Kigali. BK Arena, iliyofunguliwa Agosti 2019 eneo la Remera, ina viti 10,000 hivi chini ya paa, na leo inaweza kuwa kikapu, kesho tamasha, keshokutwa mkutano. Fainali za ligi ya kikapu ya Afrika, BAL, zilichezwa humo kuanzia 2021 hadi 2024, na Desemba 2023 Kendrick Lamar alitumbuiza pale. Wageni wa matukio kama hayo hushuka na ndege, hulala hotelini, na fedha yao haikuwa Rwanda jana yake. Hiyo inaongezeka kweli. Lakini kumbuka ukumbi ule uko ndani ya mpango mzima wa nchi inayotafuta mikutano na watalii kwa miaka, na una hoteli, uwanja wa ndege na barabara nyuma yake. Ukumbi wa peke yake usingewaleta.

Kwetu Afrika Mashariki swali hili lina uzito, maana AFCON ya 2027 ni ya Kenya, Uganda na Tanzania, na viwanja vinainuka. Nairobi wanajenga Talanta, wa watu 60,000. Fedha yake ilikusanywa kwa hati fungani ya shilingi za Kenya bilioni 44.79, iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Nairobi Julai 2025, ya miaka 15, yenye faida ya asilimia 15.04 kwa mwaka. Mashindano yatadumu kama mwezi mmoja, malipo yatafika 2040. Ningependa kila kiongozi anayesimama mbele ya wananchi na mchoro wa uwanja awaambie namba hizo mbili pamoja: mechi ngapi, na miaka mingapi ya kulipa.

Sisemi viwanja visijengwe. Nimekaa kwa Mkapa wakati goli linaingia dakika za mwisho, na mtu nisiyemjua akanikumbatia kama ndugu aliyerudi safari. Hilo ni faida, na wanauchumi wenyewe wanalijua. Wapo waliowauliza wakazi wa Pittsburgh wangekuwa tayari kulipa kiasi gani ili timu yao ya magongo ya barafu isiondoke. Jumla ilikuwa mamilioni ya dola, hata kutoka kwa watu wasioingia uwanjani, ila haikufika hata karibu na gharama ya ukumbi mpya. Furaha ina bei, na bei hiyo ni ya kweli. Kinachonikera ni pale tunapouziwa furaha kana kwamba ni kiwanda.

Seattle hatimaye ilipata ukumbi mpya, kwa utaratibu mwingine. Paa la KeyArena, lililojengwa kwa maonyesho ya dunia ya 1962, lilishikiliwa hewani na nguzo za muda, tani zake 20,000 hivi, huku mafundi wakichimba na kujenga ukumbi mzima chini yake. Zaidi ya dola bilioni moja zilitumika, nazo zilitoka kwa wawekezaji binafsi, huku jengo likibaki mali ya jiji. Ulifunguliwa Oktoba 2021 kwa jina la Climate Pledge Arena.

Na katika yale makubaliano ya 2008 kulikuwa na jambo moja ambalo jiji halikukubali kuliachia. Jina la SuperSonics, rangi zake za kijani na dhahabu, na kombe la ubingwa wa 1979 havikwenda Oklahoma City. Vilibaki Seattle, na mpaka leo utawaona watu mitaani wamevaa jezi za timu ambayo haijacheza tangu 2008.