Kambi ya Waandishi Si Mahali pa Kuanzia Kitabu

Nimemaliza kusoma maombi ya nafasi za kambi ya waandishi ya majira ya joto, yaani mahali ambapo mwandishi hupewa chumba na chakula kwa wiki kadhaa ili afanye kazi yake, na kwa mara nyingine nimekutana na ile sentensi. Kinachobadilika ni maneno tu. "Nina wazo la riwaya, nahitaji utulivu wa shambani ili nianze." "Mjini siwezi hata kufikiri, nikifika huko maneno yatakuja yenyewe." Mwombaji mmoja amenikumbusha kabisa kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.

Mimi ni mhariri. Kambini nakaa na waandishi, nasoma miswada yao wakitaka isomwe, na kabla ya hapo nasaidia kuchagua nani apewe chumba. Nimeifanya kazi hii muda wa kutosha kusema bila kumung'unya: kambini hakuokotwi kitu. Mashamba ni mazuri, miti ni mizuri, lakini havijawahi kumpa mtu sura ya kwanza. Anayefika na wazo tupu hukutana na wazo lake likiwa tupu vilevile, ila sasa hana kazi ya ofisi wala foleni ya basi ya kuilaumu. Nimewaona watu wakiumia sana kwa sababu hiyo, na ndiyo maana naandika haya.

Tupige hesabu kwanza. Riwaya ya urefu wa kawaida ina maneno 80,000 hivi. Mwandishi akiandika maneno 1,000 kwa siku, na yawe maneno ambayo hatayafuta kesho yake, amefanya kazi nzuri sana. Hizo ni siku 80 bila kupumzika hata moja. Kambi nyingi hutoa wiki mbili, na zile za ukarimu mkubwa hufika miezi miwili. Toa siku za mwanzo, kwa sababu karibu kila anayefika hulala. Analala mchana, analala usiku, anaamka na kujiona ana hatia. Hana hatia yoyote. Amechoka kwa miezi mingi na mwili unadai deni lake. Katika wiki mbili unabaki na siku kumi za kazi, labda kumi na moja. Maneno 10,000 ya mwanzo wa riwaya ambayo hujui inaelekea wapi, mara nyingi utayatupa yote ukishaijua njia.

Kuna wanaonijibu kwa kumtaja Henry David Thoreau, mwandishi Mmarekani aliyehamia kwenye kijumba kando ya ziwa dogo la Walden, Massachusetts, tarehe 4 Julai 1845, akakaa hadi Septemba 1847. Sawa, tumtazame basi. Aliingia mle akiwa na kitabu mahususi cha kuandika: habari za safari ya mashua aliyoifanya mwaka 1839 na kaka yake John, ambaye alifariki 1842. Alikuwa na maandishi ya shajara, alikuwa na tukio, alikuwa na majonzi yake. Rasimu ya kitabu hicho ndiyo aliyoiandika pale, nacho kikachapishwa 1849. Kile kitabu kingine, kinachohusu maisha yake ziwani na ambacho ndicho watu wanachokifikiria wanapomtaja, kilitoka 1854. Alikianza akiwa bado kijumbani, kisha akakiandika upya mara kadhaa kwa miaka baada ya kurudi kijijini. Zaidi ya hayo, kijiji cha Concord kilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu tu, naye alikuwa akienda huko mara kwa mara. Anayemtumia Thoreau kama ushahidi wa upweke unaozaa vitabu ameruka miaka saba ya kazi.

Au tumchukue Patricia Highsmith, mwandishi wa riwaya Mmarekani. Alifika Yaddo, ile kambi ya Saratoga Springs katika jimbo la New York iliyopokea wageni wake wa kwanza mwaka 1926, katika majira ya joto ya mwaka 1948. Riwaya yake ya kwanza alikwisha kuianza kabla ya kufika, akaifanyia kazi kubwa pale, ikachapishwa 1950. Kukaa kule kulimfaa kiasi kwamba alipofariki mwaka 1995 aliiachia Yaddo mali yake. Siwezi kudai kwamba kambi hazisaidii, na wala sidai hivyo. Ninachouliza ni zinasaidia nini hasa.

Nitajibu kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopita mbio.

Kuandika kurasa unaweza popote. Watu wanaandika alfajiri kabla watoto hawajaamka, wanaandika kwenye simu wakiwa kwenye daladala, wanaandika usiku baada ya zamu. Maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa mwaka mmoja, ni karibu maneno 80,000. Rasimu ya kwanza inaweza kabisa kuzaliwa hivyo, na rasimu nyingi ninazozipenda zimezaliwa hivyo. Jambo ambalo saa moja ya alfajiri haiwezi kukupa ni kukishika kitabu kizima kichwani kwa wakati mmoja. Mswada wa kurasa 300 unahitaji siku mbili au tatu za kusomwa tu, mfululizo, bila kuandika chochote, ili ufike mwisho ukiwa bado unakumbuka mwanzo. Ukiusoma vipande vipande kwa miezi miwili, unapofika sura ya ishirini umeshasahau kwamba katika sura ya tatu yule mjomba alisema hajui kusoma, na sasa anasoma barua.

Hilo la mjomba na barua ni rahisi. Mhariri yeyote atalikamata. Yapo makubwa zaidi ambayo mwandishi mwenyewe tu ndiye anayeweza kuyaona, tena akiwa na kitabu chote mbele yake. Kwamba hadithi inaanzia sura ya nne. Kwamba wahusika wawili wanafanya kazi ya mmoja. Kwamba simulizi linamficha msomaji siri ambayo mama wa nyumba anaijua tangu ukurasa wa kwanza, na kufichwa huko hakuna sababu isipokuwa woga wa mwandishi kuukabili mkasa wenyewe. Haya hayaonekani kwa jicho la sura moja. Yanaonekana mswada ukiwa umechapwa, sura zimetandazwa sakafuni, na wewe umesimama juu yake siku ya tatu, huna wa kumpikia wala wa kumjibu simu, unahamisha sura ya kumi na moja kuipeleka nafasi ya pili na kutazama kinachotokea. Unairudisha. Unaitoa kabisa. Kazi hiyo ikikatizwa kwa nusu siku tu, jengo lote ulilolijenga kichwani linaanguka, na kulisimamisha tena huchukua siku nyingine nzima.

Hiyo ndiyo kazi ya kambi. Ni mahali pa kumalizia na kupangia upya, na mara nyingine pa kugundua kwamba kitabu ni kingine kabisa. Kwa hiyo njoo na rasimu mbaya. Njoo na rasimu unayoionea aibu, yenye mashimo, yenye sura zilizoandikwa "hapa wanagombana, nitarudi". Nikikuta ombi linalosema "nina kurasa 220, na kuanzia ukurasa wa 140 sijui tena nani anasimulia", napigania chumba cha mtu huyo.

Na si mandhari yanayowezesha kazi hiyo. Tazama jinsi kambi kongwe zilivyopangwa. MacDowell, iliyoanzishwa 1907 huko Peterborough, New Hampshire, ilitokana na shamba la mtunzi wa muziki Edward MacDowell na mkewe Marian, mpiga piano. Edward alikuwa na kibanda chake cha magogo msituni alikofanyia kazi, naye alitaka wengine wapate nafasi kama ile. Alifariki mapema mwaka 1908. Aliyeijenga kambi hasa ni Marian, aliyeiendesha kwa miongo kadhaa na kuzunguka akipiga piano kutafuta fedha. Desturi inayojulikana zaidi ya mahali hapo ni kikapu: chakula cha mchana huletwa na kuachwa mlangoni mwa studio, na hakuna anayekutembelea usipomwalika. Hawthornden, kambi iliyo katika ngome karibu na Edinburgh, Scotland, nayo hutunza ukimya mchana kutwa. Jioni watu hukutana mezani.

Huo ndio moyo wa kambi: mtu mwingine amepika, mtu mwingine ameamua utakula nini na saa ngapi, na hakuna anayeruhusiwa kukugongea. Ukiondolewa maamuzi madogo ya siku nzima, unabaki na nguvu ya kufanya maamuzi makubwa ya kitabu. Mwandishi akiniambia amekodi nyumba peke yake kijijini ili aandike, swali langu la kwanza ni nani atapika. Mara nyingi jibu ni yeye mwenyewe, na mara nyingi atarudi akijua njia zote za kwenda sokoni.

Kuhusu ukimya wa shambani nitasema kwa ufupi. Majira ya joto ndiyo msimu wa mashine za kukata nyasi. Ndege huanza kabla hakujapambazuka, na ukiwa kaskazini sana, Scotland kwa mfano, mwezi Juni mwanga bado upo saa nne usiku. Beba kitambaa cha kufunika macho. Chapa mswada wako kabla hujaondoka, pamoja na nyaraka zote za utafiti, maana intaneti ya mashambani haiaminiki.

Pia kuna wanaochanganya kambi na kozi. Arvon, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1968 na washairi John Fairfax na John Moat, huendesha kozi za takribani wiki moja ambapo washiriki wanafundishwa na waandishi wanaokaa nao nyumba moja. Mkutano wa Bread Loaf, katika milima ya Vermont, umekuwa ukifanyika tangu 1926, nao umejaa mihadhara, warsha na usomaji wa hadhara. Hizo ni sehemu za kujifunza, na kwa mtu anayeanza ndizo ninazopendekeza kwa moyo wote. Mwenye wazo tupu akienda kozini atatoka na kitu. Lakini usiende huko ukitegemea kumaliza mswada, kwa sababu muda wenyewe haupo.

Sasa mashaka yangu, maana ninayo.

Washairi hawaifuati kanuni yangu. Mshairi anaweza kuja na mistari miwili na daftari, akaondoka na mashairi matano yaliyokamilika, na sijui nimwekee sharti gani. Tungo fupi inaweza kushikwa yote kichwani kwa pumzi moja, kwa hiyo labda hoja yangu ya mswada mrefu haimgusi. Lakini anayepanga diwani, anayetafuta shairi gani lifuate lipi, huyo anahitaji sakafu kama mwandishi wa riwaya.

Shaka ya pili ni nzito zaidi. Tunajivunia vitabu vilivyotoka kwenye kambi zetu, lakini tunawachagua watu ambao tayari wanaandika, wenye mswada, wenye nidhamu. Inawezekana kabisa vitabu hivyo vingeandikwa hata bila sisi, vikachelewa mwaka mmoja. Hakuna anayeweza kumrudisha mwandishi yuleyule nyuma na kumnyima chumba ili tuone. Ninaamini kambi ina faida kwa sababu nimewaona watu wakisimama juu ya sura zao na nyuso zao zikibadilika. Najua huo si uthibitisho.

Na meza ya jioni inanisumbua. Nimeona mazungumzo ya mezani yakimfungua mtu aliyekwama wiki nzima. Nimeona pia mtu akisikia mwenzake ameandika maneno 3,000 siku hiyo, akaenda kulala akiwa ameamua kwamba hana kipaji. Siku hizi nawaomba wageni wasitajiane idadi ya maneno. Wengine wanaona ni sheria ya kitoto, nami nitaendelea kuiomba.

Mwisho kuna suala la muda, ambalo bado nabishana na wenzangu. Tukidai kila mgeni akae wiki nne, tunawafungia nje wenye watoto wadogo, wenye wazazi wagonjwa, na walioajiriwa wasio na likizo ndefu. Tukitoa wiki moja, wenzangu wanasema ni fupi mno, na kwa kuandika upya kitabu wana haki. Lakini wiki moja inatosha kulala siku mbili, kuusoma mswada wote bila kukatizwa, na kuupanga upya sakafuni. Mzazi aliyezoea saa yake moja ya alfajiri ningempa wiki hiyo, aondoke na mpangilio mpya na alama pembeni mwa kila ukurasa, kisha uandishi wenyewe aufanye nyumbani, sura moja baada ya nyingine.