Uimarishaji wa kumbukumbu: kazi ya ubongo usiku

Mwanafunzi wa bweni anayepiga msuli saa nane ya usiku, miguu ndani ya beseni la maji baridi ili asisinzie, huonekana ana bidii kuliko wenzake. Bidii kweli anayo. Lakini anajinyima hatua ya pili ya kujifunza, ambayo wataalamu huiita uimarishaji wa kumbukumbu.

Maana yake ni hii: jambo ulilojifunza leo bado ni bichi, na ubongo unahitaji muda wa kulikomaza hadi lidumu. Wazo hilo lilitolewa mwaka 1900 na Wajerumani wawili, Georg Elias Müller na Alfons Pilzecker. Mwaka 1924, John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwakaririsha wanafunzi wawili silabi zisizo na maana. Wanafunzi hao walipolala baada ya kukariri, walikumbuka silabi nyingi zaidi kuliko walipokaa macho kwa saa zilezile. Watafiti walidhani usingizi unazuia tu mambo mapya yasiyavuruge yaliyotangulia.

Kumbe ubongo uliolala unafanya kazi. Mambo mapya hupokewa kwanza na hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, karibu na usawa wa masikio. Mwaka 1994, Matthew Wilson na Bruce McNaughton walionyesha kwamba seli za hipokampasi ya panya zilizokuwa zikifanya kazi pamoja alipokuwa akitembea, zilifanya kazi pamoja tena alipolala. Ni kama panya alikuwa akiirudia njia yake usingizini. Marudio ya namna hiyo husaidia kumbukumbu kukita mizizi, kidogo kidogo, kwenye gamba la nje la ubongo, na huko huungana na yale unayoyajua tangu zamani.

Marudio hayo hushamiri katika usingizi mzito, ule wa pono, ambao huwa mwingi mwanzoni mwa usiku. Usingizi wa ndoto huongezeka kuelekea alfajiri. Mzunguko mmoja wa hatua hizi huchukua kama dakika 90, kwa hiyo anayelala saa tisa usiku na kuamka saa kumi na moja hapati hata miwili. Tena kesho yake darasani, hipokampasi iliyochoka hupokea somo jipya kwa shida.

Usingizi haufundishi mada usiyoisoma. Kuicheza sauti ya mwalimu kwenye simu ukiwa umelala hakutakuelewesha kemia. Kusoma kwanza, kisha kulala.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anashauriwa kulala saa 8 hadi 10. Prepo ikiisha saa nne usiku na kengele ikilia saa kumi na moja alfajiri, anabakiwa na saa 7, hata akipitiwa na usingizi papo hapo. Ratiba hiyo tumeipanga sisi watu wazima, na tunaweza kuibadilisha.