Orodha ya picha: andika kile ambacho jicho peke yake halitakikumbuka

Niliwahi kupiga picha kwenye hafla ya kumuaga mstaafu mmoja. Nilirudi nyumbani nimeridhika: hotuba zote ninazo, zawadi zote ninazo, meza kuu nimeipiga kutoka kila upande. Siku tatu baadaye mwenyewe akanipigia simu. Alishukuru kwanza, kisha akauliza kwa upole, "Ile yangu na dereva sijaiona. Utaituma baadaye?" Haikuwapo. Dereva aliyemwendesha miaka na miaka alikuwa ukumbini, safu ya nyuma, na katika picha zangu mia sita na ushee alionekana mara mbili, zote kisogo. Hakuna aliyenieleza habari za dereva, lakini na mimi sikuuliza.

Tangu siku hiyo orodha yangu haianzi na mikao wala vifaa. Inaanza na swali ninalomuuliza mwenye shughuli kwa mdomo, si kwa ujumbe: "Ukija kuzifungua picha hizi baada ya miaka mingi, ni nani ukimkosa utaumia?" Mtu ukimuuliza anataka picha gani, atakujibu, "Zote tu, wewe ndiye fundi." Ukimuuliza hili hunyamaza kidogo, halafu majina yanaanza kutoka: shangazi aliyemlipia ada, rafiki aliyesafiri usiku kucha, mwalimu wake wa darasa la kwanza. Hao ndio wanaokaa juu kabisa ya karatasi. Kwa kila jina nauliza pia nitamtambuaje: atavaa nini, atakaa wapi, atafuatana na nani.

Mtandaoni zimejaa orodha zilizo tayari, zenye picha mia na zaidi za harusi peke yake. Nilizitumia nilipokuwa najifunza kazi hii, na nakushauri uachane nazo. Nyingi zimejazwa mambo kama "bibi harusi akicheka" au "wageni wakicheza". Picha ya namna hiyo haina haja ya kuandikwa, ukiwa makini utaiona tu. Ukiiandika, utakuwa umeinamia karatasi wakati kicheko kinapita. Mimi huandika aina mbili tu: tukio litakalotokea mara moja likaisha, na picha ambayo haitapatikana mpaka watu waitwe. Mengine yote nayaachia macho.

Aina ya kwanza inatoka kwenye ratiba. Ipitie pamoja na mshereheshaji, kwa sababu yeye ndiye anayejua kipi kitasogezwa mbele muda ukibana. Pete huvishwa kwa sekunde chache, na cheti hukabidhiwa haraka zaidi. Kwa hiyo siandiki "pete" nikaishia hapo. Naandika nitasimama wapi na lenzi ipi itakuwa kwenye kamera. Chukua mahafali: mhitimu anapanda jukwaa kutoka upande mmoja akimwelekea anayekabidhi. Ukisimama upande ule anakotokea, utaondoka na visogo vya darasa zima. Sogea upande wa anayekabidhi, nyuso zote zitakuja kwako zenyewe.

Haya huyajui mpaka ufike ukumbini kabla ya siku yenyewe, tena saa ileile ya tukio. Dirisha lililotulia asubuhi linaweza kuwaka nyuma ya meza kuu saa kumi jioni, na kila aliyekaa mbele yake akawa kivuli. Washa taa zote upige za majaribio. Baadhi ya taa za LED humetameta kwa kasi ambayo jicho haliioni, lakini shata ya kielektroniki, yaani kamera ikipiga kimya bila pazia lake kusogea, huigeuza kuwa michirizi inayokatiza picha. Pima na umbali. Mtu akiwa mbali mara mbili, mwanga wa flashi unaomfikia unabaki robo, kwa hiyo mpango wa kusimama nyuma ya ukumbi na kutegemea flashi ya juu ya kamera ni mpango wa kurudi na giza.

Picha za pamoja ndizo zinazowatesa wengi, na hapa orodha inageuka hesabu. Familia imekuletea makundi 12. Kuita watu, kuwapanga na kuwapiga ni kama dakika tatu kwa kundi, hata wakiwa wasikivu. Hizo ni dakika 36, na ratiba imekupa 20. Usikubali ukijiambia utakimbiza. Mwambie mwenye shughuli mapema kwamba sita zitatoka vizuri, achague sita, na yaliyobaki yafanyike kama muda utaruhusu. Kisha yapange makundi yafuatane: anza na lile kubwa lenye wazee na watoto, uwaachie hao wakapumzike, halafu endelea kupunguza watu bila kumwita yeyote mara mbili. Omba ndugu mmoja mwenye sauti, anayewajua wote kwa majina, awe mwitaji. Wewe huwezi kuita na kupiga kwa wakati mmoja, na "yule baba mwenye koti" ukiita hugeuka wanne.

Idadi ya picha kwa kila kundi nayo naiandika. Wako watu wawili waliokuwa wakifanya kazi Australia, Nic Svenson na Piers Barnes, waliokokotoa upige picha ngapi ili upate angalau moja ambayo hakuna aliyefumba macho, na kwa kazi hiyo wakapewa tuzo ya hisabati ya Ig Nobel mwaka 2006, ile tuzo ya mzaha inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza kisha ukafikirisha. Kanuni yao ni nyepesi: kundi likiwa chini ya watu 20, gawanya idadi ya watu kwa tatu kama mwanga ni mzuri, au kwa mbili kama ni hafifu. Watu 12 wakiwa kwenye mwanga mzuri, picha nne. Mimi huongeza moja, na safu zikizidi mbili napunguza tundu la lenzi hadi kipimo cha f/8, yaani tundu dogo, ili walio nyuma wasitoke na ukungu.

Yote haya yanaingia kwenye ukurasa mmoja wa karatasi, herufi kubwa, umekunjwa mara mbili mfukoni. Situmii simu. Mwanga wa kioo chake hukuangaza usoni katikati ya sala, na wageni hudhani unachati. Picha ikipatikana naiwekea nukta kwa kalamu. Nukta inatosha, maana jina lililokatwa kwa mstari nyakati nyingine mwenyewe huliona, na si vizuri.

Robo saa kabla ya shughuli kufungwa nasimama pembeni, naikunjua karatasi na kutafuta jina lisilo na nukta. Kuwa alionekana kwa mbali kwenye picha ya watu wengi hakuhesabiki. Nikilikuta, naacha muziki na wanaocheza, namfuata mwenye shughuli na kumshika mkono, twende tukamtafute mtu huyo pamoja. Mara nyingi tunamkuta mlangoni, ameshabeba mkoba wake.