Alamisho za kijamii: maana yake, na namna ya kuzitumia kusambaza makala zako

Ukikuta ukurasa mzuri kwenye simu ukabonyeza ile nyota ya kivinjari, umeweka alamisho. Alamisho hiyo ni yako peke yako. Simu ikikuponyoka kwenye kivuko cha Kamanga, na hukuwa umeiunganisha na akaunti yoyote, imezama nayo. Alamisho ya kijamii ni kitu kilekile kilichowekwa hadharani: unahifadhi kiungo kwenye tovuti inayotumiwa na watu wengi, unakipa kichwa na maelezo mafupi, unakibandika lebo, yaani maneno mafupi ya kukitafutia, na mtu usiyemjua anayetafuta jambo hilo anakikuta hapo.

Tovuti iliyoeneza mtindo huu ni Delicious, ya Joshua Schachter, iliyoanza 2003 na kununuliwa na Yahoo 2005. Digg ikafuata 2004, Reddit 2005, na Pinterest, inayohifadhi kwa picha, 2010. Kwenye Digg na Reddit kuhifadhi kulichanganywa na kura: wasomaji wanapandisha kiungo au wanakizamisha. Nyingi za enzi ile zimekwisha. StumbleUpon ilifungwa 2018, na Pocket, iliyokuwa chini ya Mozilla, 2025. Ndiyo maana orodha kamili ya viungo vyako iwekwe pia kwenye faili lako mwenyewe.

Kabla ya kuuliza uweke wapi, jiulize kama makala yako ina sababu ya kuhifadhiwa. Watu huhifadhi kile watakachokihitaji tena. Makala yenye kichwa "Umuhimu wa uvuvi kwa taifa" husomwa ikaachwa. Inayoeleza chanja ya kukaushia dagaa inavyojengwa, kimo chake kutoka ardhini, wavu wa kutandaza juu na dalili za dagaa waliokauka sawasawa, mtu ataihifadhi, maana siku ya kununua miti na wavu atairudia. Ukiwa na makala kumi, chagua mbili au tatu za namna hiyo uanze nazo. Nyingine ziache zisomwe kwenye blogu yako.

Tuichukue hiyo ya chanja. Kichwa chake kiseme kilichomo: "Dagaa wa Ziwa Victoria: kukausha kwenye chanja badala ya mchangani". Usiandike "Usipitwe na makala hii kali!!!", kwa sababu anayetafuta hatafuti maneno hayo, na wasimamizi wengi hufuta vichwa vya aina hiyo bila hata kufungua kiungo. Maelezo yawe sentensi mbili: moja itaje tatizo (dagaa wa mchangani wana changarawe na bei yao ni ya chini), nyingine itaje atakachokipata msomaji (vipimo, vifaa na gharama). Kunakili aya ya kwanza ya makala na kuibandika hapo ni uvivu, na mara nyingi aya hiyo haijafika kwenye jambo lenyewe.

Lebo ndizo zinazoamua nani akupate, na hapa waandishi wa kanda hii wanapoteza wasomaji wengi bila kujua. Samaki anayeitwa dagaa kwenye mwalo wa Kirumba, Mwanza, ng'ambo ya Kisumu ni omena, na Uganda ni mukene. Ni samaki yuleyule wa ziwa lilelile. Ukiandika lebo moja tu ya "dagaa" umewafungia mlango majirani wawili wanaokausha samaki huyo kila siku. Vivyo hivyo sangara: Wakenya wanamwita mbuta, Waganda mputa. Lebo tano hadi saba zinatosha: jina la kitu kwa kila upande wa ziwa, mahali, na kazi inayofanyika, kwa mfano "kukausha samaki". Lebo ishirini, na ndani yake "mapenzi" na "ajira" kwa kuwa zinatafutwa sana, zitakuletea watu wanaofungua na kutoka hapohapo, au zitakufanya uonekane mtumaji taka.

Sasa kiungo chenyewe. Ukitumia Blogspot na ukinakili anwani kutoka kwenye simu, mara nyingi mwishoni inabeba alama hizi: ?m=1. Zifute. Tovuti ya alamisho inaweza kuihesabu anwani yenye alama hizo na isiyo nazo kuwa kurasa mbili, na kura zako zikagawanyika. Futa pia mkia mrefu unaoanza na fbclid pale unaponakili kutoka Facebook. Vifupisho vya viungo, kama bit.ly, viepuke kabisa. Reddit huvichuja mara kwa mara kwa kuwa vinaficha mtu anakopelekwa.

Picha inayotokea pembeni ya kiungo huchukuliwa kwenye ukurasa wako. Iwe pana, pikseli 1200 kwa 630. Pinterest inataka picha ya wima, 1000 kwa 1500. Ukurasa usio na picha huonekana kama kisanduku cheupe, na watu hukipita.

Kinachowafungia wengi akaunti ni hiki: wanajiunga leo, na leo hiyohiyo wanamwaga viungo kumi vya blogu yao. Mwongozo wa zamani wa Reddit ulisema kazi zako zisizidi sehemu moja ya kumi ya unachochapisha, na bado ni kipimo kizuri popote. Wiki mbili za kwanza hifadhi vitu vya wengine vinavyohusu uvuvi, jibu maswali, soma kanuni za kila jamii (kundi la mada moja ndani ya tovuti) kabla ya kutuma, maana moja inaruhusu blogu na nyingine inaikataa moja kwa moja. Usiombe kundi la WhatsApp la ndugu na marafiki wapige kura kwa pamoja. Reddit inalihesabu hilo kuwa udanganyifu wa kura, na adhabu yake inaweza kuwa ya kimyakimya: wewe unaona machapisho yako, wengine hawayaoni. Kulithibitisha, fungua wasifu wako kwenye dirisha la faragha bila kuingia kwenye akaunti. Ukiambiwa ukurasa haupo, umefichwa.

Saa ya kutuma nayo ina uzito. Katika fomula ya kupanga machapisho ambayo Reddit iliiweka wazi 2008, kupanda kutoka kura 1 hadi 10 kulikuwa na thamani sawa na kupanda kutoka 10 hadi 100, na chapisho lililotangulia kwa saa 12 na nusu lilihitaji kura mara kumi ili kulingana na jipya. Kwa hiyo kura za mwanzo ndizo zinazobeba. Tuma wakati wasomaji wako wana simu mkononi. Kama unawaandikia wavuvi wa dagaa, usiku wa giza wako ziwani na taa zao. Siku za mbalamwezi wako nchi kavu wanashona nyavu. Kalenda ya mwezi itakusaidia kuliko ushauri wa "tuma Jumanne asubuhi" ulioandikiwa watu wa ofisini.

Wapo wanaofanya haya yote wakitarajia Google iwapandishe. Viungo vya tovuti hizi kwa kawaida huwekewa alama ya nofollow, iliyoanzishwa 2005 ili kuzuia taka, inayoiambia injini ya utafutaji isivihesabu kama kura. Tangu 2019 Google inaichukulia kama dokezo tu, lakini usijenge matumaini hapo. Faida ya kweli ni watu wanaobofya. Kuwahesabu, ongeza mwishoni mwa anwani uliyokwisha kuisafisha ?utm_source=pinterest, au jina la tovuti husika, na chombo cha takwimu kama Google Analytics, ukiwa umekiunganisha na blogu, kitakuonyesha kila tovuti imeleta wangapi. Miezi miwili bila wageni kutoka mahali fulani inatosha kuacha kuhangaika napo.

Baada ya kutuma, usibadilishe anwani ya makala. Kusahihisha kichwa kwenye WordPress hakugusi anwani, lakini ukiibadilisha anwani yenyewe, au ukihamia jina jipya la tovuti, alamisho zote za zamani zinaweza kuangukia ukurasa wa kosa. Ikibidi kuhama, weka uelekezaji wa kudumu, ule wa 301, kutoka anwani ya zamani hadi mpya, kisha fungua alamisho zako za zamani moja moja uone kama zinafika.