"Breki zilifeli" sio kosa la kiwanda

Gari ikifeli breki pale mteremko wa kutoka Mwanga kushuka mjini, maneno ni yaleyale: dereva hana kosa, tajiri hana kosa, na kama yupo wa kulaumiwa basi ni walioiunda huko Japani. Hapa Kigoma nimeyasikia mpaka misibani, na yananiuma sana maana familia ya marehemu inaondoka ikiamini haina wa kumdai.

Dhima ya ajali ya gari bovu ni kwamba ubovu ukisababisha mtu aumie, yupo anayewajibika kisheria kumlipa fidia. Ndo hivo tu. Kazi iko kwenye kujua ubovu umeanzia wapi.

Kosa la kiwanda ni ubovu ambao gari ilitoka nao ikiwa mpya. New York mwaka 1916 kulikuwa na kesi ya MacPherson na kampuni ya Buick, gurudumu la mbao lilivunjika gari ikiwa inatembea, kampuni ikajitetea kwamba mteja alinunua kwa wakala sio kwao, tena gurudumu lenyewe lilitengenezwa na kampuni nyingine, mahakama ikakataa, ikasema ukiunda gari ni juu yako kuikagua kabla haijatoka. Za karibuni ni zile eabegi, mifuko ya hewa ya kumkinga mtu gari ikigonga, za kampuni ya Takata zilizokuwa zinalipuka na kurusha vipande vya chuma, magari mamilioni yakaitwa yarudishwe.

Sasa pedi zilizokwisha, au tairi kipara kwenye Hiace iliyopiga ruti miaka kibao, kiwanda kinahusikaje? Hayo ni matunzo, na mwenye gari ndo wa kwanza kuulizwa. Tena asidhani kusema "sikuona" kunatosha. Uingereza kuna kesi ya Henderson na Jenkins, lori lilifeli breki mteremkoni likaua mtu, bomba la breki lilikuwa limeliwa na kutu sehemu ambayo huioni mpaka ulifungue, wenye lori wakasema walikuwa wanakagua kama kawaida, lakini hawakuleta ushahidi wa kutosha kuhusu lori lenyewe lilivyotumika, wakashindwa. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, ila misingi yetu ya madai ya uzembe tuliirithi hukohuko, kwa hiyo ina uzito.

Ndugu zangu, "breki zilifeli" inaeleza kilichotokea tu, haimsafishi mtu. Mkiambiwa hivo ulizeni breki zilikaguliwa lini, na fundi gani, kipuri kilichofungwa ni kipi, na gari ina bima gani, maana hata ile bima ndogo kazi yake ni kuwalipa wengine walioumizwa na gari.